Mapaa Ishirini na Sita ya Kistaman

Mvua ikikatika Gochol, kijiji chetu cha milimani, mtu wa kwanza kupanda paani ndiye mwenye kuita. Anaanzia nyumba za juu penye msikiti, anashuka nazo hadi za chini penye kinu, moja baada ya nyingine, kwa jina la mwenye nyumba. "Wa kwa Parizat, mmeamka?" Na kutoka kwa Parizat lazima mtu ajibu: "Tumeamka, paa halivuji!" Kama linavuja anasema linavuja, na watu wanakwenda kumsaidia. Nyumba isiyojibu haiachwi hivi hivi. Mtu anateremka kwenda kutazama nani kaugua, nani kafa, nani kalala tu kwa uvivu wake.

Shangazi Kistaman aliziita nyumba ishirini na sita kila mvua ilipokatika, na kwa miaka sita haikumjibu hata moja.

Namwita shangazi kwa sababu alikuwa binamu wa marehemu baba yangu. Mimi ni Khizri, dereva. Nilikuwa nampandishia unga, chumvi, mafuta ya taa na vidonge vya presha mara mbili kwa mwezi, barabara ikikubali. Mwaka ninaousimulia, 1988, alikuwa na miaka sabini na moja: mfupi, mkavu, mgongo umenyooka, kinywa kikali. Ndiye mtu pekee aliyekuwa bado analala Gochol majira ya baridi. Kiangazi walipanda watu wachache kukata nyasi, wakakaa wiki mbili, wakamlia jibini yake, wakashuka. Theluji ya kwanza ikianguka alibaki yeye, mbuzi watatu na punda mmoja kiziwi.

Mapaa yetu ni bapa. Miti, juu yake fito, juu yake udongo uliopigwa ukakazana, na paa la aliye chini yako ndilo ua wako. Kila paa lina jiwe lake, nene kama mtungi uliolazwa, limetobolewa ncha mbili na kutiwa mpini wa kuvutia. Mvua ikiisha, kabla udongo haujakauka, unalivuta jiwe juu ya paa lote mpaka nyufa zizibe. Pembeni lisipofika, unakanyaga kwa kisigino. Ukiziacha mvua mbili bila kubiringisha, ya tatu utainywa ndani pamoja na mchuzi wako.

Sasa fikiria bibi wa miaka sabini na moja na mapaa ishirini na saba, la kwake likiwemo. Serikali ilijenga nyumba huko tambarare, penye shule na zahanati, na watu wa Gochol wakashuka ukoo baada ya ukoo. Kila aliyefunga mlango alipita kwake kuacha ufunguo. "Tutarudi kiangazi, Kistaman. Tuangalizie paa." Akasema sawa. Kwetu ukishasema sawa juu ya paa la mtu, huna pa kutokea. Funguo zile alizivaa kiunoni kwa kamba ya manyoya, na ungemsikia anakuja kabla hujamwona. Nilimwambia mara nyingi, "Shangazi, wenyewe wameshaezeka mabati kule, wana mabomba ya maji jikoni, hawarudi." Alikuwa ananijibu, "Je, walikutuma unirudishie neno langu?"

Angeweza kukaa kwa mwanawe. Alikuwa naye mmoja, Shuayb, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye nyumba ya vyumba vinne. Kilichomzuia hakikuwa mapaa peke yake. Kilikuwa ulimi, na hapo sina budi niwaeleze lugha yetu.

Nyinyi mnaosoma haya mna ngeli zenu, kwa hiyo sitatoa jasho. Lugha ya Gochol haisemwi popote duniani ila Gochol. Ng'ambo ya mto hawaelewi hata salamu yetu. Tuna ngeli nne. Mwanamume ana yake, mwanamke ana yake, kondoo na mkate na jua wana yao, maji na usingizi na hasira vina yao. Hapo bado rahisi. Ugumu ni kwamba kitenzi chetu hakimjali mtenda. Ukisema mwanamke kaoka mkate, kitenzi kinampita mwanamke kana kwamba hakumwona, kinakwenda kuvaa nguo za mkate. Mikate ikiwa mingi, kinavaa nguo za wingi. Aliyeoka awe mtu mmoja au kijiji kizima, shauri yake. Lakini ukisema mwanamke kaondoka, hapo hakuna mkate wala nini, basi kitenzi kinamgeukia yeye. Yaani kwetu kitenzi humtazama mtu akipatwa na jambo, au akiwa hana mwingine karibu.

Mkiwa wengi mambo yanalegea. Ngeli nne zinakuwa mbili: watu upande huu, visivyo watu upande ule. Mwanamume na mwanamke wanakula sahani moja. Shangazi alikuwa akisema kwamba ukiwa peke yako lugha inakuhoji wewe ni nani hasa. Mkishakuwa wengi inawaacha mpite. Alilisema hilo huku anachambua dengu, bila huzuni yoyote, lakini mimi lilinikaa.

Na sisi watu wa Gochol tuna ugonjwa mmoja. Mtoto akianguka tunamwacha ainuke mwenyewe. Akikosea ngeli tunamrukia watu watano. Nimeona mazishini mtu akikatizwa rambirambi yake ili arekebishiwe kitenzi, na mfiwa ndiye aliyemkatiza. Tunaona fahari. Katika ugonjwa huo Shangazi Kistaman alikuwa mahututi. Alimsahihisha imamu, alimsahihisha mumewe, na mumewe alipofukiwa na maporomoko ya theluji akamsahihisha aliyeleta habari.

Shuayb wakati huo alikuwa na miaka miwili. Shule ya Gochol iliishia darasa la nne, kwa hiyo alipofika miaka kumi na mmoja alishushwa shule ya bweni ya Kirusi, akawa anaota kwa Kirusi. Kila kiangazi alirudi na ulimi umeota kutu kidogo, na kila kiangazi mama yake aliusugua kwa maneno makali. Yakapita hivyo mpaka harusi yake.

Nilikuwepo. Alisimama paani kwao kikombe mkononi, ukoo wa bibi harusi umejaa mapaa matatu ya jirani, wote watu wa Gochol, wote masikio. Alikuwa ameyapanga maneno yake kwa wiki nzima. Nilimsikia akiyarudia nyuma ya zizi. Akasema amewachinjia kondoo saba, karibuni. Ila vitenzi vyote alivifunga kwake yeye mwenyewe, kama Mrusi, wala si kwa kondoo. Kwa masikio yenu ni kama mtu aseme: "Kondoo saba nimekichinja, karibuni, kimeiva." Watu wakatazama chini. Kosa lingepita. Mama yake akacheka kwa sauti.

"Kimeiva! Jamani, mwanangu kachinja kondoo au kachinja kiti? Hebu rudia vizuri, wakwe zako wakusikie!"

Mapaa matatu yakaangua kicheko, na mimi pia nilicheka, nisiwafiche. Shuayb akaweka kikombe juu ya ukuta. Akasema kwa Kirusi, "Asanteni kwa kuja," akashuka ngazi. Tangu siku ile hakumwambia mama yake neno hata moja la Gochol, na Kirusi cha mama yake kilikuwa maneno manne: mkate, daktari, hapana, asante. La tano hakulitaka. Aliyezoea kuwacheka wengine hapendi kuchekwa.

Ikaenda hivyo miaka kumi na tisa. Msidhani Shuayb alikuwa mtoto mbaya. Unga ule aliununua yeye, vidonge yeye, buti za mpira yeye. Alipanda mara mbili kwa mwaka, wakakaa huyu upande huu wa jiko na yule upande ule, na mimi katikati nikiwa ulimi wao.

"Mwambie amekonda," anasema Shangazi.

"Anasema umekonda."

"Mwambie ni kazi."

"Anasema ni kazi."

"Muulize mkewe hapiki?"

"Anamsalimu mkeo."

Nilikuwa naongeza sukari, mtanisamehe. Kisha wanatazama moto. Kisha Shuayb anatazama saa. Mama anamfungia jibini kwa kitambaa, anampa bila neno, na tukifika kona ya kwanza chini ya kijiji nikitazama kwenye kioo namwona bado amesimama paani. Alichokitaka yule mama duniani kilikuwa kimoja, na punda wake alikijua: mwanawe amjibu. Lakini kuomba radhi hakukuwa katika kinywa chake, na nilikuwa na hasira naye kwa hilo kuliko nilivyomwonea huruma.

Kiangazi cha mwaka ule nilimpandisha Taisiya. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo kutoka Moskva, dada mwembamba mwenye miwani, na ilikuwa safari yake ya nne kuja kuchimba lugha yetu. Alikuja na daftari na mashine ya kurekodi, wakakaa paani na Shangazi siku kutwa.

"Mwanamke kaoka mkate," anauliza Taisiya. Shangazi anasema. "Wanawake wameoka mkate." Anasema. "Mwanamke kaoka mikate." Anasema, mara tatu kila moja, taratibu, bila kuchoka. Na Taisiya alikisema Kigochol kama mtu anayetembea juu ya barafu. Siku moja nashusha magunia namsikia anampa punda kitenzi cha wanawake. Nikangoja radi ipige.

"Karibu, mwanangu," akasema Shangazi. "Umefika karibu kabisa. Jaribu tena."

Nililibwaga gunia. "Shangazi! Mgeni akikosea unamwambia karibu. Mwanao alipokosea ulimwambiaje?"

"Huyu ni mgeni."

"Ndiyo. Na sasa mgeni ndiye anayesema nawe."

"Shusha magunia yako, Khizri, uende zako."

"Kupotea njia ndiko kujua njia. Yeye ulimfungia njia mbele ya wakwe zake. Miaka kumi na tisa! Mimi nimechoka, mimi si ulimi wa mtu, nina wangu."

Taisiya akajifanya anageuza kanda. Nilimaliza magunia, nikaondoka bila kunywa chai, na njiani nilijiona mjinga kwa kumfokea mama mzee, lakini sikurudi.

Usiku ule mvua ilinyesha. Kesho yake Taisiya alirekodi ule wito wa paani, nyumba zote ishirini na sita, na ukimya baada ya kila moja. Baadaye alinisimulia. Alimwuliza Shangazi, "Mama Kistaman, zile nyumba ni tupu. Kwa nini unazipa kitenzi cha watu? Nyumba si zinakwenda na vitu?"

"Siiti nyumba. Naita watu."

"Lakini hawapo."

"Ndiyo maana naita. Wangekuwepo ningewagongea mlango."

Nilipopanda kumchukua mwisho wa Julai, niliwakuta mambo yamepinduka. Taisiya anasema kitu kwa Kirusi, polepole, na Shangazi amefumba macho, mikono magotini, anarudia kimoyomoyo, midomo inacheza. Aliposikia mlango akadaka bakuli la dengu na kuanza kuchambua dengu zilizokwisha kuchambuliwa. Njiani nikamchokonoa Taisiya.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunabadilishana. Yeye amenipa sentensi mia nne, mimi alinidai moja."

"Moja tu? Ipi?"

"Muulize mwenyewe."

Nikafikiri labda ni ya kumwomba daktari dawa. Sikuuliza.

Mwisho wa Oktoba mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, barabara ikakatika mahali fulani. Siku ya nne ndipo nilipofika. Sikumwona paani. Nilimkuta ndani, karibu na jiko, mguu wa kushoto umevimba mpaka goti, rangi ya bilinganya. Jiwe la paa la Parizat lilimteleza likampanda mguu. Alijikokota kutoka pale hadi kwake kwa tumbo, mapaa mawili na ngazi moja, akala mkate mkavu, akanywa maji ya mvua. Na kabla ya kujikokota, aliniambia, aliziita nyumba zote pale pale alipolala. Nikawaza yule mtu amelala juu ya paa la Parizat na mguu umevunjika, anapiga kelele, kwa desturi ile ile kwamba asiyejibu anafuatwa, na hakuna wa kumfuata. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

"Umechelewa," alinikaribisha hivyo. "Mapaa kumi na moja bado."

Nilimfunga mguu kwa ubao, nikamwekea chakula, nikashuka kama kichaa, na asubuhi yake, manyunyu ya usiku yakiwa yamekatika, nikarudi na Shuayb.

Alisimama mlangoni akamtazama mama yake mguuni. Uso wake ukabadilika. "Muulize unauma kiasi gani."

"Anauliza unauma kiasi gani."

"Mwambie mguu ni wangu. Mapaa kumi na moja bado, na mawingu yanarudi."

"Anasema kuna mapaa kumi na moja hajayabiringisha."

"Mwambie mapaa ni ya watu waliomsahau!" Shuayb alipaza sauti. "Mwambie hakuna anayerudi! Gari lipo, hospitali ipo, tunakwenda sasa hivi!"

Hilo sikulitafsiri, lakini sauti haina mkalimani. Shangazi akainua kamba ya funguo, akaitikisa. "Daktari, hapana," akasema kwa Kirusi, akawa ametumia nusu ya Kirusi chake kwa mkupuo mmoja.

Shuayb alizunguka chumba, akapiga teke kuni, akatoka, akarudi. Kisha akachuchumaa mbele yake, akamgeuzia mgongo. "Muulize, nikiyabiringisha hayo kumi na moja, atashuka?"

Nikauliza. Shangazi akafikiri. "Yakiwa mazuri," akasema, na akajitweka mgongoni mwa mwanawe. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika tangu harusi.

Tulimkalisha paani kwake juu ya ngozi ya kondoo, mguu juu ya mto. Pale unaona kijiji chote, paa chini ya paa. Shuayb akaruka hadi la Parizat, akalishika jiwe lile lile lililomvunja mama yake, akaanza kulivuta. Alikuwa na nguvu lakini hakujua kazi. Alianzia ukingoni akawa anavutia kwenye bomba la moshi, na hilo ni kosa: maji unayasukumia penye udongo mwembamba, na mvua inayofuata inamwagikia jikoni.

"Anzia kwenye bomba!" Shangazi aliita kwa Kigochol. "Toka nalo nje!"

Shuayb hakugeuka. Naapa alielewa kila neno. Mgongo wake ulielewa. Aliendelea kuvuta vilevile.

"Khizri, mwambie!"

Na yule naye akasimama kule chini akanitazama, akingoja tafsiri. Mama ananitazama kutoka huku, mwana kutoka kule, na mimi katikati kama siku zote. Nikakaa juu ya ukuta, nikatoa mbegu za alizeti mfukoni, nikasema kwa lugha zote mbili: "Leo mimi bubu."

"Khizri!"

"Bubu, Shangazi."

"Mbwa wewe!"

"Mbwa bubu."

Shuayb alingoja kidogo, akainama, akavuta tena, vibaya. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye msikiti. Shangazi alizitazama funguo, akalitazama wingu, kisha neno likamtoka, kwa Kirusi, kwa sauti yake ile ya paani inayofika ng'ambo ya mto.

"Shuayb! Jiwe anakwenda hapana! Moshi kwanza! Moshi, halafu nje, wewe jiwe nje anakwenda!"

Maneno hayo lazima aliyaokota kwa Taisiya, na Kirusi kibaya namna ile sijapata kukisikia. Kirusi nacho kina maneno ya kiume na ya kike, umoja na wingi, na hakuna aliyesalimika. Nikazitazama mbegu zangu. Nilikuwa nangoja kicheko, na kwa haki yake Shuayb alikuwa na akiba ya miaka kumi na tisa. Shangazi naye alikuwa anakingoja. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja mvua ya mawe.

Shuayb alisimama, mkono kwenye mpini.

"Kuanzia kwenye bomba kwenda nje?" akauliza kwa Kirusi, polepole, neno moja moja.

"Ndiyo! Anakwenda!"

Akaligeuza jiwe. Wakalimaliza paa lile hivyo hivyo, yeye akiuliza, mama akipiga kelele zake zilizovunjika. "Na pembeni, mama?" "Mguu! Miguu moja, miguu moja!" na kumwonyesha kwa kisigino chake kizima. Shuayb akakanyaga ukingo wote. Paa likang'aa.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati. Hapo Shangazi akaweka mikono magotini, akafumba macho, kama nilivyomkuta Julai. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kirusi kilichonyooka, kila neno mahali pake, hata Mrusi asingekiongezea wala kukipunguza:

"Mwanangu, siku ya harusi yako kosa lilikuwa langu, si lako."

Ile ndiyo ilikuwa sentensi aliyomdai Taisiya. Kumbe aliibeba tangu kiangazi, mvua baada ya mvua, hana wa kumwambia.

Shuayb alilitazama jiwe. Alilitazama muda mrefu mpaka nikaona aibu kuwepo. Mama hakufumbua macho. Alivuta pumzi, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza paani, akaita kwa Kigochol, sauti ndogo kuliko siku zote:

"Wa kwa Parizat, mmeamka?"

Na Shuayb ndiye aliyekuwa amesimama kwa Parizat. Niliacha kutafuna.

"Tumeamka," akasema kwa Kigochol. Akakohoa. "Tumeamka. Paa hakivuji."

Kulikuwa na kosa. Mimi nililisikia, na Shangazi alilisikia kabla yangu. Macho yakafumbuka, midomo ikaanza kucheza, kidole kikainuka, kidole kile kile kilichomwinukia imamu. Kikakaa hewani. Kisha akakigeuza, akakinyoosha kwenye paa la pili.

"Wa kwa Isagadzhi," akaita, "mmeamka?"

Shuayb akaruka ukuta mbio kwenda kwa Isagadzhi, ili awepo wa kujibu.